Ugonjwa Wangu wa Mkuyuni

Siku tulipomzika mama mkwe wangu, mapema mwaka huu, mume wangu alisimama kando ya jeneza kusoma wasifu wa marehemu. Mjukuu mmoja alikuwa amemwandalia karatasi mbili zilizochapwa vizuri, lakini Masanja alizikunja akazitia mfukoni kabla hajafika nusu. Akasema yaliyomo humo kila mtu anayajua, yeye atasema jambo moja tu. Nilijua ni lipi. Nimelisikia kwenye kipaimara cha watoto wetu, kwenye harusi zao, na kila Krismasi wageni wanapokuwa wameshiba. Akasimulia jinsi mwaka ule alipokuwa masomoni Morogoro na mimi nikiwa peke yangu Mwanza mjini, mama yake alivyosikia kwamba mkwe wake hoi kwa malaria, akaacha pamba shambani, akajitwika kikapu, akanitafuta hospitali nzima mpaka akanipata, akaniuguza siku kumi na mbili. "Huyu mnayemwona pale," akasema akininyooshea mkono, "bila mama ningerudi nikakuta kaburi." Watu wakanigeukia. Niliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na mama mmoja nyuma yangu akanishika bega, akaniambia nilie tu nisijizuie. Sikuwa nalia. Nilikuwa naona aibu, na aibu hiyo naifahamu vizuri maana nimekaa nayo tangu nina miaka ishirini na minne. Mwaka ule sikuumwa hata mafua.

Tulikuwa na miezi minane tu ya ndoa ofisi ya Masanja ilipompeleka kusomea mitambo ya maji kwa mwaka mzima. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la pili, na tulipanga vyumba viwili Mkuyuni, juu kidogo ya soko, pale nyumba zinapopanda kati ya mawe. Sebule ilikuwa na kiti kimoja cha maana, cha mbao, chenye mikono na mto wa kukalia nilioushona mwenyewe. Hicho kilikuwa cha Masanja. Mimi nilikuwa na kigoda. Dirisha la sebule lilitazama kibaraza na njia ya wapita kwa miguu, na ukisimama pembeni kabisa mwa dirisha uliona kipande cha ziwa, chembamba, kati ya jiwe na ukuta wa jirani. Jirani mwenyewe ni Mama Grace, aliyekuwa akiuza nyanya sokoni na ambaye sauti yake ilikuwa inapita ukutani kama hakuna ukuta. Wiki ya kwanza nililia kila jioni, na kila mtu aliniambia pole kwa upweke. Wiki ya pili machozi yalikauka. Wiki ya tatu niligundua jambo ambalo sikuthubutu kumwambia mtu, kwamba nilikuwa napenda kuwa peke yangu.

Nikilifikiria sasa naona halikuwa kosa kubwa, lakini wakati ule nilijiona kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Mimi ni Mhaya, nimelelewa kwa ndizi, na tangu niolewe nilikuwa nasonga ugali mchana na usiku, kwa kuwa Masanja aliona ndizi ni kitu cha kutafuna tu wakati mtu anasubiri chakula. Alipoondoka, ugali ukaondoka naye. Nilinunua ndizi zilizoshushwa na meli kutoka Bukoba, nikazimenya, nikazipika na maharage mpaka zikalainika kabisa, halafu nikakaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda changu, nikala moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Sikufagia mpaka niamue kufagia. Redio niliifungulia muziki nilioutaka. Siku moja nilinunua kuku mzima na kumla kwa siku tatu, na firigisi, ambayo kwa akina Masanja ni ya mwenye nyumba na mwanamke haigusi, niliila ya kwanza kabisa, nimesimama, hata chumvi sijaweka. Kisha kila Jumamosi nilichukua kalamu nikamwandikia mume wangu kwamba upweke unanimaliza, kwamba chakula hakipiti. Niliandika barua hizo nikiwa nimeshiba.

Mwezi wa sita shule zikafungwa. Kwa akina Masanja, nje kidogo ya mji, kule mbele ya Bujora, mwanamke ambaye mume wake yuko safarini hakai mwenyewe mjini kama mjane. Likizo ikifika anakwenda kwa mama mkwe, na mwezi wa sita ni mwezi wa kuchuma pamba, kwa hiyo kwenda kwangu hakukuwa hata jambo la kuzungumza. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alinitumia salamu kupitia mzee mmoja wa kijijini kwao aliyeleta maziwa mjini kwa baiskeli. Alitaka kujua shule zinafungwa lini, kitanda kimeshatandikwa. Simu za mkononi zilikuwa bado. Mzee alisimama mlangoni na madumu yake akisubiri jibu, na mimi nikaona likizo yangu yote ikienda, ndizi zangu, kiti changu, redio yangu, na mahali pake nikaona shamba la pamba na macho ya kijiji kizima yakinitazama tumbo kuona kama kuna kitu. Nikavuta kanga kichwani. Nikamwambia malaria imenishika vibaya, hata kusimama pale nimejikaza. Mzee akaniangalia kwa huruma, akanimiminia lita nzima ya maziwa na kukataa malipo. Niliyanywa yote siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu yake, karibu saa nne asubuhi, nilikuwa nimevaa shimizi tu, redio inaimba, jiko la mkaa nimeliingiza sebuleni chini ya dirisha kwa uvivu wa kutoka nje, na ndizi ndiyo kwanza zinaanza kuchemka. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nikasikia hodi. Sikuijua sauti mara ya kwanza, mara ya pili nikaijua, na kabla ya ya tatu mkono wangu ulikuwa umeshazima redio. Mayu. Alikuja peke yake, yeye ambaye mjini alikuwa hafiki bila kushikwa mkono na mmoja wa wanawe. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba, mdomo wazi. Bado ningeweza kufungua. Ningejifunga kanga, nikalegeza macho, nikasema nilikuwa nimelala. Lakini sufuria ilikuwa jikoni, nywele nilikuwa nimesuka juzi, na chini ya kiti kulikuwa na mifupa ya kuku. Nikakaa chini sakafuni, taratibu, mgongo ukutani. Mayu hakupiga hodi ya nne. Nikasikia anatua kikapu, nikasikia kuku akilia ndani yake, kisha nikamsikia akikaa kwenye kibaraza chini ya dirisha, upande wa pili wa ukuta ule ule. Kati ya mgongo wake na jiko langu palikuwa na tofali moja.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa naogopa hata kumeza mate. Maji ya ndizi yakaanza kupungua, nikayasikia yanavyopungua, maana sufuria inayokaukiwa hubadili sauti. Ningenyoosha mkono tu ningeitoa, lakini mfuniko ulikuwa mbovu, ukiguswa unalia, na jiko lenyewe lilikuwa la bati lisilotulia. Nikaiacha. Baadaye Mama Grace akarudi kutoka sokoni. Akamwamkia Mayu, wakajuana, na Mayu kwa Kiswahili chake cha taratibu akamweleza kwamba mkwe wake anaumwa na amemletea dawa ya mizizi na kuku wa mchuzi. Mama Grace akashangaa. Akasema habari za ugonjwa hana, na zaidi ya hapo, asubuhi alisikia redio humu ndani. Nilifumba macho. Mayu akamjibu bila kusita kwamba hapana, redio hiyo ni ya nyumba ya chini, hata yeye ameisikia. Mama Grace akavuta pumzi puani, akasema kuna kitu kinaungua. Mayu akasema ni jalalani, watu wanachoma takataka. Kisha akainuka. Akasema mtu mgonjwa ambaye hayupo kwake yuko hospitali, na yeye anakwenda huko huko kumtafuta. "Nakwenda hospitali," akarudia, sasa kwa sauti ya juu kabisa, uso wake ukiwa kama umegeukia dirishani. "Nakwenda kwa miguu, polepole. Nitamkuta kwenye mabenchi." Mama Grace akamwambia amesikia, yeye si kiziwi.

Niliona huo ni msaada wa Mungu. Mpaka leo najiuliza ni Mungu gani niliyemdhania. Miguu ya Mayu ilipopotea na mlango wa Mama Grace kufungwa, niliiepua sufuria, nikaitua katikati ya sebule na kuimwagia maji, nikajitanda kitenge kizito mpaka puani, nikatoka kwa njia ya nyuma, ile inayokatiza kwenye mawe. Nilikimbia. Mwanamke mzima, mwalimu, nilikimbia kuwahi hospitalini ili nikaonekane mgonjwa. Nilifika nimelowa jasho, nikajibana kwenye benchi la wagonjwa wa nje kati ya bibi mmoja mwenye kikohozi na mama mwenye mtoto mchanga. Yule mama akaniuliza nasumbuliwa na nini, nikasema kichwa. Akanipisha niegemee ukuta. Mayu alitokea baada ya muda mrefu, kikapu kichwani, viatu mkononi, akipita benchi moja baada ya jingine na kumtazama kila mtu usoni. Aliponiona hakuongeza mwendo. Alikuja, akatua kikapu, akapiga magoti mbele yangu, yeye mama mkwe, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nikashindwa hata kusema shikamoo. "Mwili una moto," akasema. Kweli ulikuwa na moto, nilikuwa nimekimbia. Akaniuliza kama daktari ameshaniona, nikasema ndiyo. "Basi twende nyumbani, mwanangu."

Nyumbani alitangulia kuingia, na sufuria ilikuwa pale pale katikati ya sebule, nyeusi, ndizi zimegandana na kuwa mkaa. Nilianza kusema kitu kuhusu jana, kwamba jana nilizidiwa nikiwa napika. Akanikatisha kwa kunionyesha kitanda. Nililala siku kumi na mbili. Kila asubuhi nilikunywa dawa ya mizizi, chungu ajabu, akiwa amesimama pembeni mpaka nione tako la kikombe. Kila mchana uji wa mtama. Alinikanda miguu kwa maji ya moto. Alinibeba kwa bega kunipeleka bafuni, mimi niliyekuwa na nguvu za kumbeba yeye, na nililazimika kukumbuka kuburuta mguu. Alipomchinja yule kuku aliniletea mchuzi kitandani, na juu ya bakuli ikiwa imekaa peke yake, firigisi. Nikamwambia hiyo kwa mila zenu si yangu. Akasema mwenye nyumba hayupo, na aliyepo ndiye anayekula. Niliitafuna macho yakiwa ukutani. Nilimlaani kimoyomoyo kwa wema wake, nalisema hili ili lisibaki moyoni. Nililala pale nikihesabu siku za likizo yangu zinavyokwisha na nikamchukia kwa kunilisha.

Alasiri, akidhani nimesinzia, alikuwa anakaa kibarazani na majivu na mchanga, akiisugua ile sufuria. Niliisikia sauti hiyo siku tatu mfululizo, kru, kru, kru, chini ya dirisha. Siku moja yule mzee wa maziwa alipita, wakaongea Kisukuma ambacho kwa wakati ule nilikielewa nusu. Nilielewa ya kutosha. Kabula, wifi yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa anachuma pamba peke yake, na ng'ombe wa jirani wameingia shambani wakala upande mzima. Mzee alimwomba Mayu arudi. Mayu akamjibu kwamba pamba itapandwa tena mwakani. Hapo ndipo nilipotaka kuinuka na kusema. Nilifika mpaka mlango wa chumba, nimeshika fremu, nikamwona mgongo wake ulivyoinama juu ya sufuria. Nikarudi kitandani, nikajifunika. Siku ya kumi na tatu aliondoka, sufuria akaiacha juu ya meza inang'aa kuliko siku niliyoinunua. Masanja aliporudi kutoka Morogoro, Mayu ndiye aliyemweleza habari za ugonjwa wangu, kwa kirefu. Mimi kazi yangu ilikuwa ni kutikisa kichwa.

Kuanzia hapo, kila alipokuja kwetu, Mayu alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha. Hakungoja kufika mlangoni. Alianza kupiga hodi kule chini, kwenye nyumba ya tatu au ya nne, na baada ya hodi anatangaza kwamba ni yeye, bado yuko mbali, anapumzika kidogo, msiharakishe. Kisha anasimama huko akiongea na majirani mpaka nitoke mwenyewe kumpokea. Tulihamia nyumba yetu ya Mirongo, yenye geti, na bado alianzia kona ya barabara. Watoto walimwigiza. Masanja alisema ni tabia ya watu wa shambani, wamezoea nyumba kuwa mbalimbali. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Kesho yake baada ya maziko tulikuwa nyuma ya nyumba ya msiba mimi na Kabula, tunaosha masufuria makubwa ya wali. Kabula sasa naye ni bibi, ana wajukuu wanne, na ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba kaka yake amesimulia vizuri jana. Nikaitikia. Akasema mwezi uliopita, mama akiwa bado anaongea, alimuuliza habari za mwaka ule wa pamba, na mama akacheka, akamwambia. Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Kabula aliyasema kama alivyoambiwa, neno kwa neno: "Nilisikia redio inazimwa. Nikasikia ndizi zinaungua na mtu hazitoi. Nikasema huyu mtoto ataunguza nyumba kwa kuniogopa, ngoja nimtafutie pa kutokea." Ndiyo maana akaenda hospitali polepole. Kabula akamuuliza, sasa kama alijua, siku kumi na mbili za nini. Mayu akasema malaria ya kumwangusha mtu haiponi siku moja. Angerudi kesho yake, kijiji kizima kingejua kwamba mke wa Masanja ni mwongo, na mtu akishaitwa hivyo mahali alipoolewa, haliondoki.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka zaidi ya thelathini na mitano, na muda wote huo mtu mmoja aliitembea pembeni yangu akinizuilia matawi. Nilizikumbuka zile hodi za mbali. Kila safari alikuwa ananipa nafasi ya kufungua au kutofungua, na mimi nikatoka kumpokea nikicheka. Nilimwambia Kabula anisamehe. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akaitazama, kwa sababu ganda la pamba lina miiba na yeye alikuwa mtoto. "Sikujua miaka yote, kwa hiyo sikuwa na cha kusamehe," akasema. "Nimejua juzi tu, wifi. Nipe muda." Tukamaliza masufuria.

Nilimwambia Masanja tuliporudi Mirongo. Alikuwa sebuleni, kwenye kile kiti chake cha Mkuyuni, ambacho amegoma kukitupa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, redio, ndizi, firigisi, benchi la hospitali. Hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, kama mama alijua. Nikasema alijua tangu mlangoni. Akatikisa kichwa mara nyingi, akainuka, akaenda kumwagilia mchicha uliokwisha kumwagiliwa.

Hajanigombeza. Tunakula pamoja, tunasali pamoja, Jumapili iliyopita ameniletea ndizi za Bukoba mkungu mzima. Ila ile hadithi, ambayo ndiyo hazina yake kutoka kwa mama yake, aliyoisimulia kila sikukuu macho yakimlengalenga, nimemnyang'anya, na sina namna ya kuirudisha. Juzi wajukuu walikuja, na yule mdogo akamparamia magotini akamwomba asimulie ya bibi alipokuwa mgonjwa. Masanja alimpapasa kichwa muda mrefu. Kisha akamshusha chini, akamwelekeza kwangu, akasema, bila ukali wowote, "Muulize bibi yako. Yeye ndiye alikuwepo." Mtoto akaja, akasimama mbele yangu akingoja.